Paneli za sola zielekee wapi, zisimame au zilale? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila nyumba ninayopanda paa, kabla hata sijafungua boksi la kwanza, mtu ananiuliza kutoka chini: "Fundi, hapo zitaangalia jua kweli?" Nafunga sola Dar es Salaam, Pwani na Morogoro. Majibu haya nimeyaandika kama ninavyomjibu mteja aliyeshika ngazi. Mifano mingi ni ya Dar kwa sababu jua lake nalijua saa kwa saa. Mahali penye tofauti nimepataja.

Paneli zielekee upande gani hasa?

Kama uko kusini ya ikweta, yaani Tanzania yote, Rwanda, Burundi, na kwa Kenya miji kama Nairobi na Mombasa, jibu la kitabuni ni kaskazini. Ukivuka ikweta kwenda Lodwar, Marsabit au Gulu, jibu ni kusini. Kisumu na Kampala zimekaa juu ya ikweta au karibu yake kabisa, kwa hiyo huko upande wowote ni sawa mradi paneli zisiinuliwe sana.

Ila hilo jibu la kitabuni lina uzito mdogo kwetu kuliko watu wanavyodhani. Dar iko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba linakuwa upande wa kusini, nyuzi kama 17. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa, na ukisimama mchana huoni kivuli chako isipokuwa chini ya nyayo. Watu wa pwani wanaweza kulikumbuka kwa upepo: majira ya kusi jua liko kaskazini, majira ya kaskazi jua liko kusini. Jua letu linahama pande zote mbili. Kaskazini inashinda, lakini kwa pointi chache.

Mbona video nyingi mtandaoni zinasema zielekee kusini, tena ziinuliwe nyuzi 35?

Kwa sababu zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao ni sahihi. London iko nyuzi 51.5 kaskazini. Desemba saa sita mchana jua la London linapanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, chini kabisa upande wa kusini. Paneli ikilazwa bapa kule, jua linaipita kama linavyopita juu ya meza. Lazima uiinue ilitazame.

Sasa chukua stendi hiyohiyo uilete Mbezi, hapa Dar. Niliwahi kukuta paneli nne zimefungwa hivyo hasa, nyuzi 35, zinaangalia kusini, kazi safi kabisa ya chuma, rangi mpaka kwenye bolti. Piga hesabu ya Juni saa sita mchana: jua liko nyuzi 30 kaskazini, paneli imeinama nyuzi 35 kusini, tofauti ni nyuzi 65. Kwa pembe hiyo kioo kinapokea asilimia 42 tu ya jua la moja kwa moja. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha betri akidhani ndizo mbovu. Tulikata miguu ya stendi, tukazishusha hadi nyuzi 10, tukazigeuza kaskazini. Betri za zamani alikuwa ameshampa shemeji yake.

Paa langu lina mteremko wa mashariki na wa magharibi tu. Nimekosa?

Hapana, na nisingependa mtu alale na wasiwasi kwa hili, maana ndilo paa la nyumba nyingi za mgongo wa tembo zilizofuata barabara badala ya kufuata jua.

Paneli iliyolala kwenye mteremko wa nyuzi 15 ikiangalia mashariki au magharibi hupoteza takriban asilimia 2 au 3 ya umeme wa mwaka ukiilinganisha na ile iliyoelekezwa kaskazini vizuri. Mteremko ukifika nyuzi 25, hasara ni kama asilimia 5 au 6. Kwa mfumo wa paneli nane hiyo si hata nusu ya paneli moja. Kujenga fremu ya chuma ya kuzigeuzia kaskazini juu ya bati kutakugharimu zaidi ya hiyo nusu paneli, kutatoboa bati mara nyingi zaidi, na kutaweka tanga juu ya nyumba yako.

Tena mpangilio wa mashariki na magharibi una uzuri wake. Paneli zote zikiangalia upande mmoja, umeme unapanda kama mlima: asubuhi kidogo, mchana mwingi kupita kiasi, jioni kidogo. Ukizigawa nne mashariki na nne magharibi, kilele kinashuka kidogo na mlima unapanuka kidogo. Asubuhi friji na pampu vinaanza mapema kidogo, jioni betri inaendelea kuchajiwa mpaka jua linakaribia kuzama. Kwa mtu anayetumia umeme wake mwenyewe nyumbani, saa nyingi za umeme wa wastani zina faida kuliko saa mbili za umeme mwingi ambao betri imeshindwa kuupokea.

Nikiwa na nafasi ya upande mmoja tu, nichague mashariki au magharibi?

Hapa usiangalie jua peke yake, angalia mawingu ya kwenu.

Nairobi, miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi mbingu imefunikwa na wingu zito la baridi linalofunguka mchana. Huko paneli ya magharibi inapata kile ambacho ya mashariki imekikosa. Upande wa Kisumu na Kericho mambo ni kinyume: asubuhi jua safi, alasiri ngurumo na mvua ya ziwa. Hapo nakushauri mashariki. Ukivuka ziwa kwenda Bukoba, mvua nyingi hupiga usiku na alfajiri, kwa hiyo magharibi inarudi kuwa bora. Mwenyeji wa mahali anajua haya kuliko programu yoyote ya simu. Muulize mama anayeanika mpunga au dagaa ni saa ngapi za kuaminika.

Kisha angalia matumizi. Saluni inayofungua saa nne na kufunga saa mbili usiku inafaidi magharibi. Shule au zahanati inayoanza kazi asubuhi na kufunga alasiri inafaidi mashariki.

Na jambo ambalo wengi hawalifikirii: saa ya ukutani na saa ya jua hazilingani. Dar jua linafika katikati ya mbingu kama saa sita na dakika 20 hivi. Mwanza ni karibu saa saba kasorobo, na Kigoma ni saa saba. Mtu wa Kigoma akisema "asubuhi saa mbili sola bado imelala," hajakosea. Kwa jua lake hiyo ni saa moja.

Mwinamo uwe nyuzi ngapi?

Kwa ukanda wetu, kati ya nyuzi 10 na 15. Mbeya, Songea, Mtwara na Lubumbashi, walio mbali kidogo na ikweta, wanaweza kukaa kwenye 15 bila shaka yoyote. Kwa jua peke yake, Nairobi ingetosha nyuzi 2 au 3, yaani karibu bapa. Lakini paneli bapa haijisafishi. Maji ya mvua yanatuama kwenye ukingo wa chini, yanakauka, yanaacha utepe wa tope, na utepe huo unafunika safu ya mwisho ya seli, vile vipande vinavyozalisha umeme, siku zote. Nyuzi 10 hazikuwekwa kwa ajili ya jua, ziliwekwa kwa ajili ya mvua.

Kama bati lako tayari lina mteremko wa nyuzi 10 hadi 25, ufuate huo huo.

Fundi anataka kuniuzia stendi ya kubadilisha mwinamo kila msimu. Ninunue?

Sikushauri. Utapata labda asilimia 3 au 4 ya ziada kwa mwaka, kwa sharti kwamba kila baada ya miezi kadhaa mtu apande na spana. Mwaka wa kwanza utapanda. Mwaka wa pili utamtuma kijana. Mwaka wa tatu bolti zimeshika kutu na paneli zimebaki zinaangalia kusini mwezi Julai. Weka pesa hiyo kwenye paneli moja zaidi.

Paneli zisimame au zilale?

Tukubaliane maneno kwanza. Kusimama ni upande mrefu kwenda juu na mteremko wa paa, kulala ni upande mrefu kwenda sambamba na kofia ya paa. Jua halijali. Kinachojali ni vitu vitatu: umbo la paa, mbao zilizo chini ya bati, na kivuli.

Paneli ya wati 550 ya kawaida ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Urefu wake ni karibu sawa na upana mara mbili. Kwa hiyo paneli nane zilizosimama kwa safu moja zinachukua mita 9.1 kwa mita 2.28, na hizo nane zikilazwa nne nne kwa safu mbili zinachukua eneo lilelile. Kwenye paa refu la mgongo wa tembo hutaona tofauti. Kwenye paa la migongo minne, lenye pande za pembetatu, kulaza kunakuruhusu kupanga tatu chini, mbili juu, moja juu yake, na ukaokoa paneli ambazo zikisimama zisingeingia.

Mbao nazo zina neno lao. Papi, yaani mbao zinazoshika bati, zimelala sambamba na kofia. Reli, ile alumini inayobeba paneli, ikipita sambamba na papi, inashikwa na papi moja kwa urefu wake wote na paneli zinasimama. Reli ikipanda na mteremko, inapita juu ya papi kadhaa, uzito unagawanyika, na paneli zinalala. Kwenye nyumba za zamani ambazo papi zimechoka napenda ya pili. Watengenezaji wengi wanataka paneli ibanwe kwenye pande ndefu, kama robo ya urefu kutoka kila ncha. Ukiibana kwenye pande fupi tu, inapinda katikati kila upepo ukivuma na seli zinapasuka nyufa ambazo huzioni kwa macho. Soma karatasi iliyokuja na paneli, ina mchoro.

Kuhusu kivuli, hapa lazima ujue paneli uliyonayo. Za zamani zenye seli nzima zimegawanywa ndani mafungu matatu yanayokwenda kwa urefu. Zikisimama na kivuli kikagusa ukingo wa chini, kinagusa mafungu yote matatu na paneli nzima inalala usingizi. Zikilazwa, kivuli kilekile kinaua fungu moja na mawili yanaendelea. Za sasa zenye seli zilizokatwa nusu (utazitambua kwa mwanya unaopita katikati na visanduku vitatu vidogo vya waya mgongoni) zimegawanywa pia nusu ya juu na nusu ya chini. Hizo zikisimama na kivuli kikapanda kutoka chini, nusu ya juu inabaki kazini. Zikilazwa, kivuli hicho kinaondoa theluthi. Kwa hiyo kwa paneli mpya usigombane na mtu kuhusu hili.

Nina paneli nane, nne mashariki na nne magharibi. Ziende kwenye inveta moja?

Ndiyo, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa matumizi ya nyumbani) inaweza kuwa moja, ila si kwenye mnyororo mmoja. Paneli zilizoungwa siriizi, chanya ya moja ikiingia kwenye hasi ya inayofuata, ni kama watu waliofungana kamba wakitembea: mwendo ni wa yule dhaifu. Asubuhi zile nne za magharibi zina ampea chache, nazo zitazirudisha nyuma za mashariki. Jioni ni kinyume. Hasara ya kosa hili ni kubwa kuliko hasara ya kuelekeza vibaya.

Dawa ni inveta yenye MPPT mbili, yaani milango miwili ya paneli, kila mmoja ukitafuta nguvu yake mwenyewe. Mashariki mlango wa kwanza, magharibi wa pili. Kama inveta yako ina mlango mmoja tu, unga nne za mashariki siriizi peke yake, nne za magharibi siriizi peke yake, kisha uziunge paraleli, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti za pande mbili zinakaribiana kwa sababu volti hubadilika kidogo sana na mwanga, kinachobadilika ni ampea. Idadi lazima ilingane: nne na nne, kamwe si tano na tatu.

Kivuli kidogo cha antena au waya kina shida gani?

Hili ndilo swali ninalotaka uliulize kabla ya yote hapo juu, na ndilo linaloulizwa la mwisho.

Niliitwa Kigamboni kwa mama mmoja mstaafu. Shikamoo, marahaba, akanipa kiti kivulini, akaniambia: "Mwanangu, hii sola yangu inafanya kazi nusu siku. Saa nane tu, imechoka." Paneli sita, kaskazini, nyuzi 12, huwezi kuzilaumu. Nikapanda saa saba na nusu na mita ya kubana waya. Ampea 9. Nikakaa juu pale kwenye kofia ya paa nikisubiri, mita mkononi. Saa nane kasoro dakika tano kivuli cha mguu mmoja wa mnara wa tangi la maji, mguu wenyewe mnene kama mkono, kikaingia kwenye kona ya paneli ya sita. Kikasogea. Kilipokata paneli ile kutoka juu hadi chini, mita ikasoma ampea 2 na kitu. Paneli tano zilikuwa kwenye jua kali, zinanichoma magoti, na zote zilikuwa zinamsubiri huyo mmoja.

Paneli zina dayodi ndani ambazo zinatakiwa kuruka fungu lililofunikwa, na inveta nzuri ingepoteza sehemu ya sita tu. Ile inveta yake ya bei ya chini ilikuwa inang'ang'ania volti ya zamani, haitafuti pengine. Hatukununua kitu. Tulihamisha tu paneli mbili za mwisho upande wa pili wa safu. Jioni saa kumi na moja alinipigia kuniambia taa ya betri bado ni ya kijani.

Kanuni ya kupimia ni hii. Kama saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri kwa Dar, jua liko nyuzi 45, na kivuli cha kitu ni sawa na urefu wake. Saa mbili na nusu asubuhi kivuli ni mara 1.7 ya urefu. Mnazi uliozidi paa lako kwa mita 10 upande wa mashariki utakufunika mpaka umbali wa mita 17 saa hiyo. Kwa mwembe ulioko kaskazini ya nyumba, fikiria Juni: mita 10 za mwembe zinatupa kivuli cha karibu mita 6 kuelekea kusini saa sita mchana. Mwembe huohuo ukiwa upande wa kusini, kivuli cha mchana wa Desemba ni mita 3 tu. Kwa hiyo kama unapanda mti mwaka huu, uupande kusini ya nyumba. Na kama jirani yako anajenga ghorofa, uliza itafika wapi kabla ya kuchagua mteremko.

Kati ya upande wa kaskazini wenye kivuli na upande wa kusini usio na kivuli, nachagua kusini bila kufikiri mara mbili.

Paneli zilale moja kwa moja juu ya bati?

Hapana. Acha pengo la sentimita 10 hadi 15 ili hewa ipite. Wati zilizoandikwa kwenye paneli zimepimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati mchana seli zinafika nyuzi 60 au 65, na kila nyuzi moja ya ziada inakula kama asilimia 0.35. Kwa nyuzi 65 umeshapoteza asilimia 14, zaidi ya kosa la mwelekeo nililotumia kurasa kulieleza. Pengo likiwa dogo, joto linapanda zaidi.

Skrubu ipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita, ishike papi na si bati tupu, na iwe na washa ya mpira. Kando ya paa acha angalau sentimita 30 hadi 50 bila paneli, kwa sababu upepo huchimba zaidi kwenye kingo. Walioona Kimbunga Hidaya kikipita pwani Mei 2024 hawahitaji kuelezwa. Na karibu na bahari usikubali bolti za chuma cha kawaida. Chumvi ya Nungwi au Bagamoyo haitazikubalia miaka mingi. Reli za alumini, bolti za chuma kisichoshika kutu.

Nyumba yangu ni ya kisasa, bati limefichwa nyuma ya ukuta. Au nina paa la zege. Inakuwaje?

Ule ukuta wa juu ndio kivuli chenyewe. Ukuta wa mita moja utafunika mita moja saa tatu na nusu asubuhi. Sogeza paneli katikati, au ziinue juu ya usawa wa ukuta kwa fremu imara iliyofungwa kwenye zege, si kwenye bati.

Kwenye zege bapa unapanga kwa safu, kaskazini, nyuzi 10. Paneli iliyosimama kwa nyuzi 10 inainuka sentimita 40 nyuma. Kwa Dar, Juni, saa mbili za jua baada ya kuchomoza, ukingo huo unatupa kivuli cha sentimita 45 hivi kwenye safu ya nyuma. Ukiacha sentimita 60 umemaliza kivuli na umepata pa kukanyaga wakati wa kusafisha. Ulaya wanaacha mita kadhaa, wewe huhitaji. Nafasi ikiwa finyu sana, panga mashariki na magharibi mgongo kwa mgongo kama hema: zinaingia nyingi zaidi na upepo hauna pa kuingilia.

Paa la makuti je?

Usifunge juu yake. Kwa moto, na kwa uzito. Weka nguzo au fremu chini, mita chache kutoka kwenye nyumba.

Bora juu ya paa au chini ardhini?

Chini unachagua mwelekeo utakao, hewa ni nyingi, na kusafisha ni rahisi. Lakini kuna mbuzi, kuna watoto na mpira, kuna majani yanayoota baada ya masika na kufunika ukingo wa chini wiki mbili tu ukisafiri, na kuna mwizi. Mjini nafunga juu. Shambani, penye mlinzi, chini, ukingo wa chini ukiwa juu ya kiuno.

Nina pampu ya sola ya kumwagilia. Mwelekeo ni uleule?

Hapa mawazo yanabadilika. Pampu haipandishi maji mpaka ipate nguvu ya kushinda kina cha kisima. Chini ya kiwango hicho mota inazunguka bure. Mkulima hataki kilele kikubwa saa sita mchana, anataka kiwango hicho kifikiwe mapema na kishikiliwe muda mrefu. Kama pampu yako inahitaji wati 600 na una paneli za wati 1,100 kaskazini, kuzigawa nusu mashariki, nusu magharibi hakutakuongezea saa za maji: kila nusu ina wati 550 tu, haifikishi 600 peke yake. Ziache kaskazini. Lakini kama pampu ni ya kubeba, paneli moja au mbili kwenye fremu ya mkono, basi zigeuze mwenyewe: mashariki asubuhi, bapa mchana, magharibi alasiri. Uko shambani hata hivyo.

Nitajuaje kaskazini ilipo? Dira ya simu inanizungusha.

Ukiisimamia juu ya bati lazima ikudanganye, bati ni chuma. Shuka, sogea mita kadhaa kutoka kwenye nyumba na gari, ndipo usome.

Kwa watu wa pwani kuna njia ninayoipenda zaidi. Makka iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja na Dar, Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwa hiyo kibla cha huku ni kaskazini, kikikosea kwa nyuzi moja au mbili. Tazama mihrabu ya msikiti wa mtaani inavyochomoza ukutani, umeipata. Nairobi kibla kinaegemea mashariki kwa nyuzi kama 7, Kigoma kama 20, na hata hizo 20 kwa paneli yenye mwinamo mdogo huwezi kuziona kwenye mita.

Vumbi na ndege?

Dodoma na Singida, ambako jua ni kali na la kuaminika, vumbi la kiangazi nalo ni la kuaminika. Pangusa kila wiki mbili tatu, asubuhi kioo kikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini. Dar na Zanzibar adui ni kunguru. Uchafu wao unafunika seli kabisa kama kivuli cha mnara wa tangi, na mvua haiutoi. Usiache mwinamo chini ya nyuzi 10, na usifunge paneli chini ya tawi wanalolala.

Zangu zilishafungwa kusini. Nizihamishe?

Inategemea mteremko. Tuchukue Dar, nyuzi 10, tuhesabu jua la moja kwa moja la saa sita mchana. Juni, paneli ya kusini inapokea asilimia 77, ya kaskazini inapokea 94. Desemba mambo yanageuka: ya kusini 99, ya kaskazini 89. Ukijumlisha mwaka, umepoteza asilimia 4 hivi. Ziache. Kama Juni na Julai zinakubana, ongeza paneli moja.

Mteremko ukiwa nyuzi 25 kuelekea kusini, hasara ya mwaka inakaribia asilimia 10 hadi 15, na karibu yote inakupata miezi ya kusi. Hapo hesabu gharama ya siku moja ya fundi na msaidizi, waya wa ziada, na silikoni ya kuziba matundu ya zamani. Kama upande wa kaskazini hauna kivuli, hamisha. Kabla hujalipa, panda Juni saa nne asubuhi, kisha saa saba, kisha saa kumi, utazame huo upande wa kaskazini kwa macho yako.